Matofali ya Bluu Chini ya Tela

Kabla tingatinga halijavunja nyumba yetu ya Mbagala, tuliivunja wenyewe. Tulianza na bati, kwa kuwa bati hutoka zima, tukafuata mbao za paa, kisha madirisha, kisha milango, na mwisho matofali, ambayo huvunjika hata ukiyabembeleza. Kwenye ukuta unaotazama barabarani palikuwa na alama ya X nyekundu, iliyopakwa kwa brashi pana na mtu ambaye hakupiga hodi. Barabara ilikuwa inapanuliwa. Tingatinga lilikuwa limeshafika kwa majirani wa upande wa mjini, na kila asubuhi vumbi lake lilitufikia kabla ya sauti yake.

Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, akitutazama. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia upande wote wa kulia pamoja na maneno yake yote. Kilichobaki kikimtii ni upande wa kushoto, na kwa mkono wa upande huo aligonga kiti. Aligonga akitaka maji. Aligonga nzi akitua usoni pake. Tangu tuanze kubomoa, aligonga kila ukuta ulipolala. Mama alikuwa amejifunza kugonga kule kama mke mgeni anavyojifunza lugha ya ukweni, kidogo kidogo, kwa kukosea. Siku ile alituambia tu, "Endeleeni. Anaaga."

Nyuma ya nyumba lilisimama tela. Halikuwa la mizigo. Lilikuwa nyumba ndogo ya bati jeupe, yenye magurudumu mawili, ya kuvutwa na gari. Ndani lilikuwa na kitanda, kabati na dirisha lenye pazia lililooza. Wageni waliokuja kujenga barabara huko kusini walilala humo, na walipomaliza kazi yao wakaliacha kwenye gereji ya Temeke alikofanya kazi baba. Baba alikuwa fundi wa matela. Ujana wake na utu uzima wake vyote vilipita chini ya matela makubwa ya kubeba saruji kutoka Wazo, akiwa amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, akifungua springi zilizochoka na kufunga nyingine. Mwenye gereji alipochoka kuiona ile nyumba ya bati ikimzibia nafasi, alimwambia baba aliondoe tela hilo, na baba akalivuta hadi nyumbani, watoto wa mtaa wote nyuma yake. Majirani waliliita basi la bila dereva. Kaka yangu na mimi tulilichezea, kisha tukalisomea, kisha tukalisahau. Ndani yake niliandika hadithi zangu za mwanzo, jasho likidondoka kwenye karatasi, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya nyumbani kwetu iliyokuwa na mlango unaofungika kwa ndani.

Sasa tela ndilo lililobaki. Kiwanja kipya kilikuwa Kongowe, ndani sana, majani na mikorosho, hata choo hakuna. Mama alikuwa amezunguka wiki nzima akitafuta chumba cha kupanga ili baba akae wakati tunajenga. Wenye nyumba walimkaribisha vizuri, wakamwonyesha bomba na sehemu ya kuanikia nguo, mpaka walipoelewa mgonjwa ana hali gani. Hapo chumba kikawa kimeshapata mtu. Mmoja wao alikuwa mkweli zaidi ya wenzake. "Mama, mie sitaki msiba kwenye nyumba ya wapangaji," alimwambia. "Wengine watanihama."

Kwa hiyo tela lisipotoka pale kabla ya tingatinga, baba angelala nje. Hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti, lakini lilikuwa ndani ya kila kitu tulichokishika.

Jirani yetu alikuwa na lori la mchanga, na ndiye aliyejitolea kutuvutia. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, ambaye nyumba yake mwenyewe ilikuwa imeponea chupuchupu, na nadhani alikuwa anaona haya kwa kupona. Mbao za paa na bati alikuwa ameshazipeleka Kongowe. Siku ile alirudisha lori nyuma, kaka akafunga tela, lori likavuta. Tela lilipiga kelele ya chuma na kulala upande wa kulia, kama mtu aliyeteguka nyonga.

Kaka alichungulia chini. Springi za upande ule, zile bamba za chuma zinazolala moja juu ya nyingine, zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka zikakatika. Bodi lilikuwa limekaa juu ya tairi.

"Nyumba yenu imegoma," jirani alisema akiwa dirishani mwa lori. "Imeshajiandikisha kupiga kura hapa hapa."

"Itahama," kaka alisema.

"Braza, hiyo siyo kazi ya kukisia. Tafuta fundi."

"Fundi si yule pale." Kaka alimwonyesha baba kwa kidevu.

Baba aligonga kiti.

Kaka yangu huuza makava na chaja za simu Rangi Tatu. Lakini amekulia gereji, na utotoni alijua kupampu jeki kabla hajajua kuandika jina lake. Alipanda bodaboda mpaka Tandika, kwenye vyuma chakavu, na alirudi amekumbatia springi iliyotumika, kubwa, nyeusi, ameshonana nayo kifuani kama mtu aliyepakia mbuzi. Akavua shati. Akaanza kazi kama alivyofundishwa.

Baba alikuwa na utaratibu wake, na gereji nzima waliufuata, hata waliomwona mwoga. Tairi la upande wa pili tulilizuia kwa mawe mbele na nyuma. Nati za tairi bovu kaka alizilegeza tairi likiwa bado linakanyaga ardhi, kwa sababu baba alisema anayelegeza nati za tairi lililo hewani anajitikisia jeneza. Tairi likishatoka halikutupwa pembeni. Liliingizwa chini ya tela, lilale pale. Na tela likishanyanyuliwa na kusimama juu ya stendi, zile nguzo fupi za kulishikilia, yule anayekwenda kulala chini yake ndiye anayelipa bega. Huegemeza bega ubavuni mwa tela na kusukuma kwa nguvu zake zote, mara kadhaa, na kama lina nia ya kuanguka lianguke wakati huo, akiwa bado amesimama.

Kisha kulikuwa na mshika miguu. Sijawahi kuona jambo hili gereji nyingine yoyote. Mtu hakuruhusiwa kuingia chini ya tela bila mwenzake kuchuchumaa miguuni pake na kumshika vifundo vyote viwili. Mshika miguu hakupewa kazi nyingine. Hakupitisha spana, hakunywa chai, hakuitikia salamu. Kazi yake ilikuwa kushika, na kuvuta. Vijana wa gereji waliwatania washika miguu kwamba wanamkanda bibi arusi. Baba hakucheka. Niliwahi kumuuliza utaratibu huo aliupata wapi, akanijibu akiwa anaosha mikono kwa mchanga na sabuni: "Niliwahi kumwita mtu chini ya tela asiitike." Hakuongeza neno, na sasa hawezi tena kuongeza.

Kilichokosekana siku ile ni stendi. Zile za chuma zilikuwa mali ya gereji. Mbao nene zote zilikuwa zimekwenda Kongowe. Palibaki mlango wa mbele wa nyumba yetu pamoja na fremu yake, mninga mtupu, umeegemezwa kwenye mwembe wa jirani ukiwa umefunikwa kanga. Mama alikataa usipakiwe kabla yeye mwenyewe hajaondoka. Mlango huo aliupaka mafuta kila mwezi wa Ramadhani ulipokaribia kwisha, na kwa miaka alisema kwamba popote tutakapohamia, utasimama kwanza mlango halafu ndio itafutwe nyumba ya kuufuata. Hakuna aliyeuwazia kuwa stendi.

Kaka aliyatazama matofali.

Yalikuwa kila mahali, marundo ya nyumba yetu. Baba aliyafyatua mwenyewe kabla mimi sijazaliwa, siku za mapumziko, kwa kalibu ya kuazima, mchanga wa hapo hapo uani. Kaka alichagua mazuri, yale mazima, na mengi kati ya hayo yalitoka chumba chetu cha utotoni. Yalikuwa na rangi ya bluu upande mmoja. Juu ya moja niliona bado ile mistari ya penseli ambayo mama alitupimia urefu. Kaka aliyapanga mawili mawili, akiyapishanisha kwa uangalifu mkubwa, akipangusa mchanga kati ya moja na jingine kwa kiganja. Alipampu jeki, tela likanyanyuka, akaweka matofali chini ya chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba bodi, akalegeza jeki, na uzito ukatua juu ya bluu ile taratibu.

Baba alianza kugonga.

Mama alikuwa anamletea kikombe cha uji. Akasimama njiani.

"Baba yenu anazikataa hizo tofali."

"Mama, tangu tuanze kuna kitu alichokikubali? Choo alikikataa. Jiko alilikataa."

"Kugonga kwake sasa siyo kule."

"Tofali kazifyatua mwenyewe. Zimebeba nyumba miaka yote hiyo, zitashindwa na kopo hili?" Kaka alilipiga tela kofi la ubavuni. Hakuwa anabisha kwa kiburi. Uso wake ulikuwa laini kabisa. "Mie namheshimu mzee, Mama. Namnyanyulia tela lake kwa kazi ya mikono yake."

"Halina uzito, Mama," jirani naye aliongeza. "Mie napakia mchanga mara kumi ya hilo."

Kaka alilipa tela bega. Alisukuma, akasukuma tena, na halikucheza hata kidogo. Alimgeukia baba akanyoosha mikono, kama mtoto anayemwonyesha mzazi kwamba ameshanawa. Baba aliendelea kugonga.

"We mwandishi," kaka aliniita, "njoo ushike. Na usiniandike nikiwa huku chini."

"Ukifa nitakuandika vizuri."

"Utaniandika nina deni la vocha, nakujua." Alikuwa anacheka alipojisukuma chini, kwanza kichwa, kisha kifua, na mikono yangu ikafunga vifundo vyake. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka, vimejaa vumbi la nyumba yetu. Nilisikia spana ikishika nati, ikiteleza, ikishika. Bolti zilikuwa zimeoza zikawa kitu kimoja na springi. Akaomba nyundo, jirani akamsogezea, na akaanza kupiga.

Sasa najua kile ambacho baba alikuwa anakijua. Tofali la mchanga na saruji hubeba ukuta kwa sababu ukuta huligawia uzito wake lote, sawasawa, nalo limetulia. Chini ya chesisi linabanwa na ukingo wa chuma mahali pamoja, na kila nyundo inapopigwa juu, kitu ndani yake kinalegea bila kuonekana. Chuma hupinda kwanza kabla hakijakusaliti. Mti hulia. Tofali halitoi taarifa. Linapokubali bega, linakubali kweli, na dakika chache baadaye linakuwa mchanga.

Baba alikuwa ameacha kugonga. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameinama upande mpaka nikadhani anaanguka, akaokota kipande cha tofali chini ya kiti chake, kipande cha bluu, akakifinya. Mkono ule mmoja ulikuwa bado mkono wa fundi. Kipande kilisagika, na mchanga ukamwagika kati ya vidole vyake, juu ya msuli aliojifunga kiunoni, mstari mwembamba. Akaokota kingine, akakisaga hivyo hivyo, akimtazama mama.

Mama alitazama mchanga mapajani mwa baba. Kikombe cha uji kilikuwa bado mkononi. Akainua uso, na kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kumwambia mtu aepue sufuria, alisema:

"Mtoe."

Nilivuta. Wakati ule ule nilisikia sauti ndogo, kama ya mtu anayepepeta mchele chumba cha pili. Kishindo kilikuja baadaye. Tela lilishuka, na vumbi la bluu na jeupe likatoka chini yake likanifunika uso. Miguu na kiuno cha kaka vilikuwa vimeshatoka. Mabega na kichwa vilikuwa bado ndani, na juu ya mabega hayo tela lilikuwa limesimama hewani, limekaa juu ya lile tairi tulilolilaza chini. Kati ya chuma na kifua chake palikuwa na nafasi ya kupitisha kitabu.

Hakupiga kelele. Nilimwita, na katika ule muda kabla hajajibu nilimwelewa baba kuliko nilivyowahi kumwelewa alipokuwa na maneno.

"Nipo," kaka alisema. "Mkono."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebaki juu, kati ya springi na chesisi. Jirani alikuwa ameshaokota jeki na kuisimamisha upya. Kaka ndiye aliyemwongoza kutoka kule chini, kwa sauti ile ile waliyotumia gereji. "Nyanyua. Nyanyua. Taratibu. Kidogo tena. Basi." Nilimvuta mpaka akatoka mwili wote. Vidole viwili, cha kati na cha pete, havikuwa tena vidole. Mama alivua kanga iliyofunika mlango akamfunga nayo.

Alipelekwa hospitali kwa bodaboda, amekaa katikati, dereva mbele na jirani nyuma amemkumbatia. Sisi tulibaki. Mama alimsafisha baba mchanga kwenye msuli, punje kwa punje, na wote wawili walilia bila sauti, kila mmoja akitazama upande wake. Usiku tulilala uani, sisi watatu, kwenye mkeka. Kwa upande wa mjini, pale palipokuwa na taa za majirani, palikuwa na giza tupu mpaka mbali.

Kaka alirudi asubuhi. Mkono ulikuwa umekuwa mpira mweupe wa bendeji. Alikuwa amekatwa vidole vyote viwili, uso wake umepauka, na jambo la kwanza alilouliza ni kama tela lilipinda. Halikupinda. Tulikuwa tunasikia tingatinga kwa jirani wa pili, lile dundo lake la kurudi nyuma na kwenda mbele. Msimamizi wao alipita, kijana mwenye kofia ya njano, akatuamkia shikamoo mmoja mmoja, akamwambia mama kwa upole kwamba baada ya sala ya adhuhuri watakuwa hapa.

"Nitakwenda kutafuta magogo," jirani alisema. "Pale kwa wachoma mkaa."

"Utayapata saa ngapi?" kaka aliuliza.

Mama alinyanyuka. Alikwenda mpaka kwenye ule mlango, akasimama mbele yake kidogo, mgongo umetuelekea. Kisha akarudi na msumeno wa kaka.

"Kateni fremu," alisema.

"Mama, mninga huo."

"Nimeuona. Kateni fremu. Mlango wenyewe ulazeni chini ya jeki, isizame mchangani."

Jirani alikata, mimi nilishika. Mninga mgumu, msumeno ulipiga kelele, na unga wake mwekundu ulinukia kama siku za sikukuu. Tulipata vipande vifupi, vinene. Kaka, mkono mmoja umening'inia shingoni, alivipanga kwa mkono wa pili, viwili hivi, viwili vya kukatiza juu yake, mpaka ikawa minara miwili mifupi na mipana. Mlango tuliulaza chini, upande wa mafuta juu, na jeki ikakaa mahali palipokuwa na kitasa. Tela lilinyanyuka. Likakaa juu ya mninga. Mti ulilia mara moja, ukanyamaza.

Tuligeuka wote kumtazama baba. Aligonga mara moja.

Jirani alitukana chini chini. Mama alimtazama baba kwa muda, kichwa kimeinama upande.

"Anataka mumpeleke," alisema.

Tulimbeba na kiti chake. Alitaka karibu zaidi, na zaidi, mpaka magoti yake yaligusa bati. Akajisukuma kwa mguu wa kushoto, akageuka, na kuegemeza bega lake zima ubavuni mwa tela. Hakusukuma. Hakuwa na cha kusukumia. Alifunga macho na kubaki hivyo, shavu kwenye bati la moto, kama anayesikiliza mtu aliye ndani. Tingatinga lilikuwa linadunda, vumbi linakuja. Hakuna aliyemwambia afanye haraka. Alipomaliza alijiondoa mwenyewe, na mkono wake ukalala juu ya mapaja, wazi.

Jirani ndiye aliyeingia chini. "Nikibaki humu," alimwambia mama, "mwambieni mke wangu nilikuwa naangalia tu." Mguu wake mmoja nilishika mimi, mwingine kaka, kwa mkono uliobaki. Alipiga nyundo, na sisi tulitazama mninga, hatukupepesa macho. Mama naye alitazama. Baba peke yake hakutazama. Alikuwa amesinzia.

Tuliondoka wakati msimamizi anaingia uani. Kaka aliniambia niende na baba mbele kwenye lori, kwa kuwa mtu hapaswi kukaa ndani ya tela linalovutwa, hata akiwa mgonjwa. Baba alikaa kati yangu na dereva, na kila tela lilipopita shimoni nilimwona akisikiliza springi, kichwa kimeelekea nyuma. Haikulia. Matofali ya bluu tuliyaacha.

Baba aliishi ndani ya tela kule Kongowe mpaka masika yalipoanza. Tulilisimamisha juu ya ile minara ya mninga, na juu yake mama akafunga turubai. Mlango haukufaa tena. Jeki ilikuwa imeutoboa katikati. Ukawa meza ya kukatia mboga. Usiku mvua ilipopiga bati tulimsikia baba akigonga ukutani, na mama akimjibu kwa kugonga vile vile kutoka upande wake wa kitanda. Asubuhi moja aligonga mama peke yake.

Walikuja waosha maiti, wanaume wanne wa msikiti wa pale, watu wazito, wapole. Hapakuwa na sehemu nyingine yenye paa. Waliingia wote ndani ya tela na ndoo zao za maji, na maji yakaanza kutoka chini, kwenye matundu ya sakafu, yakilowesha ardhi iliyokuwa imeshalowa. Nilikuwa nimekaa na wanawake kwenye mkeka. Niliona tela likiinama kidogo upande wa kulia. Kidogo tu, kiasi cha mtu kuegemea.

Kaka alikuwa ameona kabla yangu. Alikuwa ameshatoka katikati ya wanaume, na kanzu yake nyeupe, na kipande cha mninga mkononi, mkono ule wenye vidole vitatu. Alizunguka nyuma ya tela. Hakuweza kulipa bega, na wao wakiwa ndani wanamwosha. Alipiga goti kwenye tope, akalala, akaanza kujisukuma chini.

Nilinyanyuka mkekani. Mwanamke mmoja aliniita nirudi, huko ni kwa wanaume. Nilikwenda, nikachuchumaa kwenye tope miguuni pake, na nikashika vifundo vyote viwili. Maji ya baba yalikuwa yanadondoka juu ya sakafu, juu ya chesisi, juu ya kanzu ya kaka. Alikuwa anagonga kabari taratibu, kwa kiganja, ili asimsumbue. Nilishika mpaka alipotoka.